Spiriti ya Asilimia Mia

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa maabara anakwenda likizo ya miezi mitatu. Atakayekaimu ni mmoja wetu: mimi au Dada Taratibu, ambaye hata kizibo cha chupa hukifungua kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Mkuu ataamua Ijumaa. Tatizo: wiki iliyopita nilimwambia baba mkwe kwamba nimeshateuliwa. Ilinitoka tu. Alikuwa ananitazama kwa namna yake ile. Ijumaa hiyohiyo anakuja kuniona kazini.

Hakuna kulala. Wachanganyaji wa vanishi wanalalamika kwamba spiriti ina maji, vanishi ikikauka inafanya ukungu mweupe. Nitaisafisha mwenyewe mpaka ifike asilimia mia.

Jumanne, 4 Machi

Nimepima. Kile kipimo cha kioo kinachoelea kimesema themanini na nane. Nikaikeneka: nimeichemsha juu ya maji moto, mvuke ukapita kwenye bomba lililopozwa, ukadondoka upande wa pili. Tisini na tatu. Nikarudia. Tisini na tano. Nimempigia mke wangu kumwambia mambo yamekwisha. Akauliza mambo gani. Nikamjibu kwamba sayansi haielezeki kwa simu.

Jumatano, 5 Machi

Mara ya tatu: tisini na tano na nusu. Ya nne, vilevile. Ya tano na ya sita, vilevile. Nimebadili kipimo. Nimebadili kiti. Nimemshuku Dada Taratibu na kumchunga kila alipopita karibu na meza yangu. Mchana akaja mwenyewe.

"Kaka, hapo hata ukeneke mwaka mzima haipandi," akasema. "Ikifika kiwango hicho, spiriti na maji vinapanda pamoja kwenye mvuke. Hayo maji ya mwisho yanataka kunywewa na chokaa."

Nikamshukuru kwa sauti ya mtu asiyeshukuru. Anataka kunipotezea siku. Nimekeneka mara ya saba. Tisini na tano na nusu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetafakari habari ya chokaa. Si kwa sababu yake, nilikuwa nimeshaifikiria. Mtunza stoo anadai fomu yenye saini ya Mkuu. Fomu ni za watu wasio na ubunifu. Nyuma ya ghala kuna mafundi wanaopaka ukuta chokaa, wana ndoo nzima, imekorogwa laini kama uji. Nikaomba makopo mawili. Fundi akauliza maabara ina ukuta gani. Nikasema ni siri ya kazi.

Nimeimimina yote kwenye spiriti. Kesho nakeneka mbele ya mashahidi.

Ijumaa, 7 Machi

Baba mkwe alifika saa tatu, amevaa suti. Nikamketisha karibu aone vizuri. Mkuu akaja. Dada Taratibu akasimama nyuma, mikono mfukoni. Nikawasha.

Kwa dakika kumi palikuwa na heshima. Kisha chokaa ikanguruma chini ya chupa, ikapanda shingoni, ikaingia bombani yote kwa mpigo. Kiungo cha bomba kikafyatuka. Upande wa pili pakadondoka kitu kama maziwa, na mengine yakaishia kwenye suti, kuanzia kola hadi kiwiko.

Mkuu akachuja kile kilichopatikana, akapima. Themanini na mbili.

"Kaka," Dada Taratibu akauliza polepole, "hiyo chokaa ilikuwa imeshachanganywa na maji?"

Nikasema kidogo.

"Inayokunywa maji ni ile kavu, iliyotoka tanuri. Hii ilikuwa imeshashiba."

Akafungua kabati lake, akatoa chupa ya spiriti aliyoilaza na chokaa kavu tangu Jumatatu na kuikeneka mara moja tu. Tisini na tisa na nusu. Mkuu akamkabidhi funguo palepale.

Baba mkwe akaniuliza kama kaimu si mimi. Nikaanza kumpangusa bega kwa leso. Akauondoa mkono wangu taratibu, bila hasira. Afadhali angekasirika.

Jumatatu, 10 Machi

Kaimu Mkuu amenipa kazi ndogo: lita nne za asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, zimeingia maji kidogo. Amenipa na chumvi ya kukaushia, pamoja na karatasi ya maelekezo. Nimeikunja karatasi vizuri na kuiweka mbali. Kosa langu la wiki jana nimeshalijua: nilisikiliza watu.

Safari hii natumia akili yangu mwenyewe. Maji hukauka juani, kila mtu anajua. Saa nne nimeimwaga asetoni yote kwenye beseni pana, nikaianika uani. Sasa ni saa nane na kazi inakwenda kuliko nilivyotarajia. Kimebaki kikombe kimoja tu, na kikombe hicho hakina harufu hata chembe.

Nimempelekea Kaimu Mkuu. Akanusa, akachovya kidole, akaniuliza kama nina kiu.

Wivu. Nimemwambia mke wangu amwalike tena baba yake.