Kibati Kilichonyooka Mno

Profesa hakuwahi kumfundisha mtu chochote maishani, isipokuwa tahadhari. Siku alipoliona lile gari la michezo kwenye uwanja wa vyuma chakavu, halina milango, halina viti, pua ndefu imeliwa na kutu, alimeza mate. Mwenye uwanja alitaka pikapu badala yake. Pikapu ilikuwepo. Kwamba ilikuwa ya mkewe, ndiyo aliyobebea viti vyake vya kukodisha, na mke mwenyewe alikuwa kwa mama yake hadi keshokutwa, Profesa aliliona hilo ni suala dogo la kifamilia.

Mjini kulikuwa na daktari wa meno mwenye pesa na ugonjwa mmoja: magari ya majaribio, yale ambayo kiwanda huunda moja tu, kulipima, kabla ya kuunda mengine kwa mamia. Gari la namna hiyo hutambulika kwa namba zake. Basi Profesa akang'oa kibati cha zamani kando ya injini, na kusema kweli kilimtia aibu. Namba zilikuwa zimepinda, moja imepanda, nyingine imezama, utadhani aliyezigonga alikuwa na kwikwi. Akaenda kwa mchonga mihuri, akarudi na kibati kinachong'aa, namba zimenyooka, mbele yake herufi tatu nzito alizozibuni mwenyewe njiani. Kile cha zamani akakisokomeza chini ya mguu wa meza yao iliyokuwa ikiyumba.

Daktari alifika kesho yake asubuhi.

"Mimi si muuzaji, Daktari," Profesa alisema kwa huzuni ya kupendeza. "Lakini gari hili liliundwa moja tu, dunia nzima. Moja!"

Daktari alikisoma kibati. Kisha akatoa mfukoni kichuma chake cha kukwangulia meno ya watu, akainama, akakwangua kutu kwenye chesisi, kile kiunzi cha chuma cha chini ya gari. Alikaa hapo chini muda mrefu. Alipoinuka alikifuta kichuma, akakirudisha mfukoni.

"Gari limeoza, kibati bado kinanukia duka. Niite polisi?"

Profesa akaudaka mkono wa Daktari.

"Nihurumie, Daktari. Pikapu ya mke wangu nimeitoa kwa hili likopo. Anarudi kesho! Akiikosa, mimi sina nyumba."

"Pole sana, bwana," alisema Daktari, kwa upole wa mtu anayekaribia kung'oa. "Nitakukombolea pikapu, nalichukua hili likopo lako, tumalizane. Ila kibati cha awali nipe. Sitaki kukamatwa na gari lisilo na namba."

Profesa alikimbia ndani, akainua meza, akakichomoa kibati, akakifuta kwa shati lake mwenyewe. Alikikabidhi kwa mikono miwili, akishukuru karibu kulia. Kutwa nzima alimcheka moyoni yule msomi aliyekomboa pikapu nzima kwa ajili ya kutu.

Miezi michache baadaye, akimsaidia mkewe kupakia viti, aliona picha kwenye simu. Daktari amesimama kando ya gari jekundu la pua ndefu linalometameta, mkononi kibati chenye namba zilizopinda. Chini pameandikwa kwamba magari ya majaribio hayakupitishwa kwenye mashine ya namba, fundi aliyagongea namba kwa nyundo, tarakimu mojamoja. Na kwamba namba za kibati hiki zimefanana na za chesisi, upindo kwa upindo. Liliundwa moja tu, dunia nzima.

Maisha yake yote Profesa alikuwa amesema kweli mara moja, na siku hiyo ndiyo aliyoomba msamaha.

Mkewe alichungulia begani kwake. "Huyu naye mbona meno yote nje?"

"Ndiyo kazi yake."

"Na wewe machozi ya nini?"

"Vumbi, mke wangu."

"Basi jifute, ubebe viti. Na ukirudi ile meza uitafutie kitu cha kuwekea mguuni. Hata kibati kibovu kitafaa, chai yangu yote inamwagika."