Firigisi ya Mwalimu Andati

Jumapili, 13 Juni 2004

Kesho! Kesho naanza mazoezi ya ukuu wa shule. Wiki nzima nitamfuata mkuu mmoja kila anakokwenda, nijifunze kazi, kisha anipe alama. Nikipita, shahada ya uzamili ni yangu. Baada ya hapo ofisi yenye zulia. Nyumba ya shule yenye bafu ndani.

Nilimwambia Daktari Kibiwott, mhadhiri wetu, kwamba utafiti wangu unahusu miwa na utoro wa wanafunzi, kwa hivyo lazima nipelekwe shule fulani ya wasichana iliyo katikati ya miwa huko Mumias. Akanisifu. Sikumwambia kwamba mkuu wa shule hiyo ni mke wangu. Hakuuliza.

Mama Kageha ana miaka miwili huko. Mwanzoni alikuwa akija nyumbani Khayega kila Ijumaa. Baadaye mwisho wa mwezi. Mei hakuja kabisa, eti wakaguzi. Kageha mwenyewe yuko chuo cha ualimu, kwa hivyo nyumba imebaki na mimi na paka. Jioni napika obusuma ya mtu mmoja na kila mara inakuwa ya watu wawili. Paka hali ugali.

Watu wananiuliza kwa nini nisihamie kwake. Nihamie! Mwanamume mzima aingie na sanduku katika nyumba ya mkewe? Soko lote litasema Andati ameolewa Mumias. Binamu yangu Shikanga alikaa kwa mkewe mwezi mmoja tu alipovunjika mguu, na mpaka leo wanamwita bibi harusi. Hapana. Nitaingia kwake siku nitakapokuwa sawa naye. Mkuu kwa mkuu.

Nimepiga pasi kaunda suti yangu ya rangi ya maziwa.

Jumatatu, 14 Juni

Kaunda suti imekwisha. Walikuwa wanachoma shamba la miwa kabla ya kukata, na mimi nyuma ya baiskeli ya boda boda, sina pa kujificha. Masizi yakanimwagikia. Nikajaribu kuyapangusa. Kosa kubwa.

Pale shuleni nikawekwa kwenye benchi la kungojea, kati ya mzazi aliyeleta jogoo na msichana aliyefukuzwa darasani kwa kucheka. Aliponiona akaanza kucheka upya. Nilipoitwa ndani, Madam akanitazama kuanzia kola hadi viatu, akasema karibu, Mwalimu Andati. Mwalimu! Baada ya miaka ishirini na mitatu ya ndoa! Karani wake alikuwepo, naelewa. Lakini nilikuwa nimejiandaa kuitwa Baba Kageha. Hakuna mtu mwingine aniitaye hivyo.

Ana miwani mpya. Inampendeza. Sikujua amenunua miwani.

Karani alipotoka akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nyumba iko wazi, kitanda kipo, na jogoo ndiye huyo ameletwa. Nikajibu kwamba nimeshapanga malazi. Uongo mtupu. Mpango wangu ulikuwa yeye anisihi, mimi nikatae, anisihi tena mbele ya watu, mwishowe nikubali kwa shingo upande. Akasema sawa, akarudi kwenye kazi yake. Sawa!

Nimepewa chumba cha vifaa vya michezo. Naandika nikiwa nimekaa juu ya godoro la wanaoruka juu. Kutoka dirishani naona mlango wa jikoni kwake. Ametoka mara mbili, kumwaga maji na kuanua leso. Namtamani mke wangu na yuko ng'ambo ya uwanja wa netiboli.

Jumanne, 15 Juni

Siku ya ushujaa, au ndivyo nilivyopanga. Mumias siku hizi kila mtu ana miwa na kila muwa una soko. Matrekta hupita kando ya ua wa shule siku nzima, yakivuta matrela yaliyojaa kupita kiasi, na wasichana hutoroka kwenda kuchomoa. Jambo hili linamkosesha Madam usingizi. Basi nikaingia ndani ya ua wa michongoma niwakamate wote kwa mkupuo mmoja.

Hawakuja. Baadaye nimeambiwa kwamba kaunda suti ilikuwa inaonekana toka bwenini. Lakini trela likaja, polepole, na muwa mmoja ulikuwa unaning'inia mbele ya pua yangu. Nikauvuta, kama ushahidi tu. Nusu ya mzigo ikaja nao!

Askari wa miwa, mtu mmoja mpana aitwaye Makhanu, akanipeleka ofisini, muwa begani, madarasa yote yakiwa madirishani.

"Madam, huyu mzee nimemushika na miwa ya watu," akasema. "Anasema eti ni ya utafiti. Unamujua?"

Nikamtazama Mama Kageha. Nilitaka aseme neno moja tu.

"Huyo ni mwalimu wa mazoezi," akasema. "Mwachilie."

Ni kweli. Lakini kulikuwa na jibu lingine, na lingekuwa kweli pia.

Jumatano, 16 Juni

Osundwa amekuja! Sylvanus Osundwa, mwenzangu katika masomo ya uzamili, tayari ni naibu mkuu, hutembea na mkoba ambao ndani hamna kitu ila gazeti. Anafanyia mazoezi yake Kakamega mjini, shule ya wavulana yenye ukumbi mkubwa. Alisema amekuja kunisalimia. Amekuja kunipeleleza.

Saa ya chakula cha mchana Madam akamtuma mpishi aniite nyumbani kwake, jogoo ameiva. Nikajibu kwamba nimebanwa na kazi. Nilikuwa napanga mipira kwa ukubwa. Nilitaka aje kuniita mwenyewe, si kunitumia mpishi. Osundwa akasema si vizuri chakula cha Madam kipoe. Akaenda! Kwa miguu yake miwili, akavuka uwanja wa netiboli!

Alirudi akichokoa meno. Nikamuuliza kama alikula vizuri. Sana. Vipande gani? Akasema vizuri vyote. Sasa kwetu kila mtoto anajua kwamba imondo, ile firigisi ya kuku, haigawiwi ovyo. Ni ya mwenye nyumba. Mgeni atapewa paja, atapewa mgongo, lakini imondo humngoja mwanamume wa pale. Nimewahi kuona ndugu wawili wakinyimana salamu kwa ajili yake. Na sikuweza kuuliza waziwazi. Nikazungukazunguka, nikauliza kama kulikuwa na kipande kigumukigumu hivi. Akacheka, akasema jogoo mzima alikuwa laini.

Kisha akasema ukutani kwa Madam kuna picha kubwa ya harusi, na bwana harusi mwenye nywele nyingi anafanana nami. Nikashtuka. Nikasema ni kaka yangu. Akasema hongera, una shemeji mzuri.

Picha yetu bado iko ukutani. Nilidhani aliiweka sandukuni alipohama. Sikuweza kula jioni, kwa furaha na kwa imondo.

Alhamisi, 17 Juni

Daktari Kibiwott amefika kunikagua. Akaniuliza, mbele ya Madam, mkuu bora wa shule afanye nini watu wakimsema. Nikajibu vizuri ajabu! Nikasema kiongozi wa kweli haongozwi na maneno ya sokoni, hufuata lililo jema kwa nyumba yake. Daktari akatikisa kichwa kwa furaha. Madam akanitazama juu ya miwani kwa muda mrefu.

Kisha Daktari akasema Osundwa amemweleza jambo fulani kuhusu picha. Akauliza huyu Madam ni nani wangu. Nikasema ni msimamizi wangu wa mazoezi. Akamgeukia yeye.

"Ni mume wangu, Daktari," Mama Kageha akasema. Bila kusita hata kidogo.

Mazoezi yamefutwa. Mke hawezi kumpa mume alama. Nitayarudia muhula ujao, shule nyingine, chini ya mkuu nisiyemjua. Osundwa amenichimbia kaburi, nami nitamlipa siku moja. Lakini niseme kweli. Daktari alipokuwa ananigombeza sikusikia hata nusu. Nilikuwa nasikia maneno yale matatu tu. Ni mume wangu. Karani aliyasikia. Mpishi alikuwa analeta chai, aliyasikia pia.

Ijumaa, 18 Juni

Sijui nianzie wapi.

Nilikwenda kuaga. Madam alikuwa mlangoni kwake, amefunga leso, si Madam tena. Akasema mwalimu wao wa Jiografia anahama, na kabla ya jioni ofisi ya elimu inataka jina la wa kuchukua nafasi yake. Jiografia ni somo langu.

"Baba Kageha," akasema. Akaniita! "Achana na huo ukuu. Njoo ufundishe hapa, jioni tule pamoja."

Nikamkumbusha heshima. Akaniuliza, nikipata shule yangu, si nitakaa katika nyumba ya shule yangu na yeye ya kwake? Khayega atabaki nani? Paka? Nikamwambia hilo ni suala la utawala, liko katika masomo ya mwaka wa pili.

Hapo akaingia jikoni, akarudi na kisufuria. Akafunua. Imondo! Nzima! Osundwa alipewa mgongo na shingo. Mama Kageha akasema ameikaanga upya asubuhi na jioni isiharibike, akisema labda sasa atakuja. Akaiweka mezani, chini ya ile picha. Akavuta kiti.

Nikaweka mguu mmoja kwenye kizingiti. Naapa niliuweka. Nilitaka kiti kile kuliko ofisi yoyote yenye zulia. Mara akapita Mwalimu Chepkemoi, mmoja wa walimu wake, na vitabu vyake, akanisalimu vizuri kabisa, akatabasamu. Lile tabasamu! Nikaliona soko zima la Khayega ndani yake. Nikautoa mguu.

Nikasema nafasi ile ampe mwingine, mimi nitarudi nikiwa na cheo. Akavua miwani, akaifuta kwa leso, akachukua muda mrefu kuifuta. Akafunika kisufuria, akanipa niondoke nacho.

"Haya. Safari njema, Mwalimu," akasema.

Jumapili, 20 Juni

Khayega. Mvua. Niliweka kisufuria juu ya kabati tangu juzi. Niliamua kwamba imondo ile nitaila siku nitakayopata ukuu, nikiwa nimevaa tai. Kila asubuhi na jioni nikaikaanga upya, kama yeye. Harufu yake ilikuwa harufu ya jikoni kwake, na nilisimama pale muda mrefu kuliko kuku anavyohitaji.

Leo nimetoka kanisani nikakuta kisufuria sakafuni. Paka amelala kwenye kiti changu, anajilamba masharubu. Ni dume, tena.

Nikakimbilia simu ya dukani kwa Awinja, nikampigia Mama Kageha. Akauliza kama nilikula. Nikasema nilikula, ilikuwa tamu sana. Kisha akaniambia ile nafasi ya Jiografia imepata mtu: mume wa Chepkemoi, alikuwa akifundisha Nandi peke yake. Alifika jana na magunia mawili na redio, akaingia kwa mkewe mchana kweupe, akapika chai ya walimu wote. Nikauliza kama watu hawamcheki. Akasema wanamcheka sana, naye anacheka nao.

Mtu asiye na haya kabisa. Nimemhurumia.

Nami nimegundua kosa langu lilikuwa wapi. Nilikuwa nalenga chini! Mkuu wa shule anaweza kuchekwa, kumbe. Lakini nani atathubutu kumcheka daktari? Osundwa anaanza uzamivu, yale masomo ya udaktari, Septemba, naye hawezi kuniacha nyuma. Nimalize tu uzamili, niunganishe papo hapo. Daktari Andati! Daktari anaweza kulala kwa mkewe, anaweza hata kumfulia nguo, na soko likapiga makofi. Nikamweleza Mama Kageha mpango wote, mpaka Awinja akaanza kunionyesha saa.

Mwishoni akaniuliza jambo moja tu: nitakuja lini. Nikamwambia asijali, udaktari ni miaka minne tu.