Neno Moja la Kwenda Kitwe

Jumatatu, 3 Juni 1974

Yaya Marie-Thérèse, dada yangu mkubwa, salamu nyingi katika jina la Bwana. Magoti yako yanaendeleaje na baridi hii ya mwezi wa sita? Sisi huku Kamalondo tuko wazima. Baba Ngosa wangu anakohoa kidogo, moshi wa fonderi anakoyeyusha shaba na baridi vimepatana juu yake. Siandiki barua. Nitaandika kidogo kidogo katika daftari hii, na nikipata mtu wa kuaminika wa kupanda train ya Kolwezi, nitakutumia yote mara moja. Usisomee mtu.

Habari yenyewe. Leo, mkutano wa wamama wa kanisa. Barua imetoka Kitwe, ng'ambo ya mpaka! Kiingereza kitupu, karatasi nyeupe, muhuri chini. Wamama wa kule watatutembelea tarehe 15 na 16. Halafu mwezi wa nane wanatualika sisi kwao, watu watatu: Pasta, présidente wetu Mama Mado, na mtafsiri. Karatasi za mpaka zitafanywa na kanisa.

Mtafsiri, Yaya! Unajua binti yangu Ngosa ameolewa Kitwe. Unajua amezaa. Mtoto msichana, miezi kumi na minne, amepewa jina langu, na mimi sijamshika hata kidole. Mara mbili nimeomba karatasi ya mpaka peke yangu. Mara mbili nimeambiwa nirudi wiki ijayo.

Mama Mado akauliza nani anajua Kiingereza. Mama Honorine akanyoosha mkono. Unamkumbuka: yule wa Kasai anayeuza vikwembe, vitambaa vya kujifunga, mjini, amesoma kwa masista. Tangu serikali ikataze majina ya Kizungu, kwa makaratasi ni citoyenne Kapinga, lakini kanisani kila mtu amebaki na jina lake la ubatizo. Mkono wa pili ulikuwa wangu. Ulipanda wenyewe.

Honorine akacheka. Akasema mbele ya wote: "Mama Albertine atatusemea Kibemba, halafu aseme ni Kiingereza! Nani atajua?" Wamama wakacheka naye. Nilichukia. Nikajibu kwamba Kibemba kilinitoka zamani. Miaka ishirini ya Kamalondo imekifuta. Hata salamu yao, "mwapoleni mukwai", siwezi tena kuitamka.

Niliitamka vizuri sana, lakini hakuna aliyegundua.

Mama yetu, aliyetupa Kibemba, alale pema. Nimetubu kabla ya kula. Kusahihisha, sijasahihisha.

Jumatano, 5 Juni

Nimenunua karanga soko la mtaa wetu wa Kenya. Muuzaji amezifunga katika ukurasa wa kamusi. Kiingereza upande mmoja, Kifaransa upande wa pili. Nani aliyemtuma kuchana ukurasa huo na si mwingine? Si mimi. Mungu anajua mjane wa Sarepta na anajua mabibi wa Kamalondo.

Ukurasa mzima ni neno moja! Mbele na nyuma. "Get." Nimehesabu maana zake mpaka arobaini na moja, na chini karatasi imechanika, bila shaka kulikuwa na zingine. Kupata ni get. Kuamka get. Kupanda gari get, kushuka get. Kupona, kuchoka, kuolewa, kuelewa, kufika: get tu.

Kwanza nilifikiri aliyeandika alikuwa amekunywa. Halafu nikatuangalia sisi wenyewe. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga magoti, na hakuna anayeumia. Kumbe Waingereza nao wana mpagazi wao mmoja, na mizigo yote wamemtwika yeye.

Honorine ana kitabu kizima chenye picha. Akibebe. Mimi nina mpagazi mwenyewe.

Ijumaa, 7 Juni

Majaribio nyumbani. Asubuhi nimemwambia Baba Ngosa "get", aamke. Hakuamka. Nikaongeza mkono begani. Akaamka. Kwa hiyo neno linafanya kazi, linataka tu kusindikizwa.

Mchana nimesema "get" mlangoni, aje kula. Alikuja. Inawezekana ni harufu, maana sombe, majani ya muhogo, ilikuwa imeungua wakati nasoma maana ya ishirini na sita.

Akaniuliza: "Kama neno moja inatosha, Bazungu waliandika kitabu yote ile ya nini?" Nikamwambia hayo ni maneno ya mtu wa fonderi. Akaangalia sufuria, akasema basi niajiriwe fonderi pamoja naye, kuyeyusha najua.

Halafu akatoa shauri lake. Eti bantu ba Kitwe banasema Kibemba. Mimi nasema Kibemba. Nivae viatu, niende kwa Mama Mado, nimwambie, kazi iishe. Wanaume! Nikamweleza polepole kwamba Kibemba ni cha kununulia samaki. Hakuna anayetandika kitambaa cha meza kwa ajili ya Kibemba. Wageni wa barua yenye muhuri wanasemeshwa lugha yenye muhuri. Akakohoa, akaomba mboga nyingine.

Jumapili, 9 Juni

Mtihani, nyuma ya kanisa, baada ya ibada. Honorine alianza. Alisoma sentensi ndefu juu ya bwana mmoja na mwavuli wake. Nzuri sana. Lakini kanisa letu halina mwavuli.

Mimi sasa. Mama Mado akasema: waambie wageni wakae. "Get!" na kidole kwenye kiti. Waambie waje mezani. "Get!" na mkono mdomoni. Waambie Lazaro alifufuka. Hapo nilichuchumaa mpaka chini, nikanyamaza kama kaburi, nikaruka: "Get!"

Makofi! Mama mmoja alisema ameelewa Lazaro kuliko Pasta anavyomweleza.

Honorine akapiga kelele: "Lakini iko neno moja tu, na mikono!" Nikamjibu kwamba mwenye shoka kali hapigi mti mara mbili. Mama Mado akakata shauri. Honorine atapokea wageni Jumamosi. Mimi nitatafsiri mahubiri Jumapili. Wageni wenyewe watachagua nani aende kwao mwezi wa nane.

Naongeza Jumatatu: usiku sikulala vizuri. Kusema get naweza. Kusikia je? Mahubiri ni saa nzima! Alfajiri nikapata njia. Nitamuuliza mgeni sura tu. Biblia naijua. Nitahubiri mwenyewe, nikimwangalia: akipumua, nami napumua.

Jumanne, 11 Juni

Nimekwenda mjini kwenye duka la Honorine kupeleleza. Nilijifanya natafuta kikwembe cha bluu. Nia yangu ilikuwa kujua sentensi zake za kupokea wageni, nizitumie kabla yake.

Alinipa kiti. Alinipa chai ya maziwa. Yaya, nilipata haya. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba anaogopa. Kusoma anasoma, lakini hajawahi kusikia Kiingereza kikitoka mdomoni mwa mtu. Akasema tujifunze pamoja kila jioni, yeye na kitabu, mimi na vitendo. Nilikuwa karibu kukubali.

Ndipo akaingia yule mama mzee wa Kasenga aliyekuwa akimletea mama yetu samaki. Macho yake yakafunguka. "Mwapoleni mukwai!" Nikaangalia kikwembe. Akarudia, akanishika mkono, akauliza habari zako kwa jina. Honorine anatazama! Nikasema kwa Kiswahili kwamba sielewi. Mama yule aliniachia mkono kama mtu anayeweka sahani chini.

"Kumbe kweli ilikutoka," Honorine akasema, na alinihurumia.

Chai sikumaliza. Petro alikana mara tatu. Mimi mara mbili. Nimebakiza moja, nitaitunza.

Jumamosi, 15 Juni

Sikuitunza.

Wageni wamefika mapema, saa nne. Kanisa zima lilikuwa bado kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya usafi, hata Pasta, na jembe lake. Tuko watatu tu uwanjani: Mama Mado, Honorine na mimi. Wageni nao watatu. Mkubwa wao anaitwa Mama Nkandu, mrefu, kitambaa cheupe kichwani, sauti ya kujaza nyumba.

Honorine akasoma karatasi yake yote. Mama Nkandu akamjibu kwa Kiingereza, maneno kama kumi. Honorine akaganda. Jasho, Yaya, na baridi hii! Nilifurahi, nikaomba msamaha kwa kufurahi, nikaruka mbele. "Get!" kwenye viti. Wakakaa! "Get!" kwenye meza. Wakasogea! Mama Mado alinikonyeza. Nilijiona nimeshavuka mpaka pale Kasumbalesa.

Sasa sikiliza. Mama Nkandu akageuka, akasema kwa Kibemba, polepole, kwa upole: "Hapa BanaNgosa ni nani? Mtoto wake Ngosa amenipa picha ya mjukuu, nimpe mkononi."

Nilisikia kila neno. BanaNgosa, mama ya Ngosa, ni mimi! Picha iko ndani ya mkoba wake, hatua mbili kutoka magoti yangu!

Honorine akaninong'oneza: "Anasema nini?" Mdomo wangu ukajibu: "Sijui. Labda anaomba maji."

Tukamletea maji. Akanywa, akashukuru, akauliza tena: BanaNgosa? Tukamletea maji. Akauliza mara ya tatu. Glasi ya tatu. Halafu akauliza choo kiko wapi. Hilo nalo nililisikia, na ilibidi nisubiri mpaka Honorine akisie.

Nilipanga kumvizia akiwa peke yake. Haikuwezekana. Honorine amewalaza wote kwake, mtaa wa Bel-Air, na amewaondoa kwa gari la shemeji yake. Picha imelala Bel-Air. Mimi nimelala Kamalondo.

Jumapili, 16 Juni

Nimemlazimisha Baba Ngosa kuvaa koti lake la harusi, aje kuniona. Akakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa sababu ya kikohozi.

Mama Nkandu akapanda mimbari. Nami nikapanda, upande wa kushoto, Biblia mkononi. Nikamuuliza: "Get Biblia?" Mama Nkandu akageukia watu, akasema kwa Kibemba kwamba Kiingereza ni cha kijana wao anayeandika barua. Yeye anahubiri kwa lugha aliyonyonya. Je, kuna anayemsikia?

Nusu ya kanisa ikajibu: "Mukwai!"

Nusu ya kanisa! Walikuwa wapi wote hawa?

Mama Mado akasimama, akaomba mtu wa kuwageuzia wengine katika Kiswahili. "Mimi!" nikasema. Nilikuwa nimeshasimama pale pale, hata gharama ya kutembea haikuwepo. Mama Mado akashangaa: "Mama Albertine, si ulituambia ilikutoka?" Na Honorine kutoka benchi la pili: "Labda imerudi na wageni, kwa bisi ya jana!"

Kanisa lilianguka kwa kicheko. Pasta alijificha nyuma ya kitabu cha nyimbo.

Huko nyuma mtu mmoja alikuwa tayari anamweleza jirani yake maneno ya mgeni, kwa sauti ya chini. Mama Mado akamwonyesha kidole. Ni Baba Ngosa! Akaja, anakohoa, koti limembana. Akatafsiri saa nzima. Yaya, vizuri! Mama Nkandu alipolia, naye alilia. Alipocheka, naye alicheka. Mtu ambaye kwa miaka ishirini hajasema maneno kumi kanisani, zaidi ya Amina.

Baadaye akamleta mgeni kwangu. Akamwambia: huyu ndiye BanaNgosa. Mama Nkandu akashika kiuno. "Huyu wa maji?" Alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi.

Halafu akanipa picha. Mtoto amekaa sakafuni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Ana kipaji cha uso cha mama yetu. Kile kile. Nililia juu ya kikwembe cha bega lililokuwa karibu, na bega lilikuwa la Honorine. Aliniacha nimalize, akajifunga upya.

Wageni wamechagua. Mwezi wa nane mtafsiri ni Baba Ngosa. Alimwomba Pasta niende mahali pake. Pasta akasema jina limeshaandikwa.

Jumatatu, 17 Juni

Nimesali sana, nimejichunguza, nimepata somo. Kosa langu lilikuwa kusema sijui kitu ninachokijua. Dhambi hiyo sirudii. Tangu leo mtu akiniuliza kama najua, nitasema najua.

Na Mungu hakukawia kunijaribu. Mchana Pasta alikuja kwetu, ana huzuni. Kuna rafiki wa kanisa atatuazima kamioneti, gari dogo la mizigo, ya kwenda Kitwe, lakini hana dereva wa kutoa. Nafasi ya dereva ipo, na karatasi yake ya mpaka ipo. Akauliza kama kwetu kuna anayejua kuendesha.

Nikasema najua.

Jioni Baba Ngosa aliuliza tu kama Kitwe mtu anaweza kufika kwa train.

Kwa hiyo, Yaya, daftari hii inaondoka kesho asubuhi na mtu wa train ya Kolwezi. Shemeji anaendesha lori tangu ujana wake, mkalishe chini, mwulize. Nimesikia chini ya miguu kuna pedali tatu. Miguu yangu nimeihesabu, ni miwili. Ya tatu inakanyagwa na nini? Na kama kuna namna ya kurudi nyuma, anieleze hiyo pia. Pasta anataka kuniona ndani ya gari Jumapili tarehe 30, baada ya ibada, uwanjani. Nijibu upesi.

Mdogo wako, Albertine