Honi ya Mpunga

Jumatatu, 3 Desemba 2012
Direkta ametuita, mimi na Véronique. Mwaka ujao kituo chetu cha utafiti kitabaki na karani mmoja. Mmoja! Wilaya imetuomba tuisaidie Bugarama, kule bondeni: mto ukifurika, watu wajulishwe wakimbilie kilimani. Atakayepata njia nzuri ya kuwajulisha ndiye atabaki. Sikuweza kula mchana. Véronique alikula sahani yake, kisha akaomba yangu.

Jumanne, 4 Desemba
Véronique ameteremka Bugarama kuuliza watu, nyumba kwa nyumba. Aulize nini? Mafuriko hayangoji majibu. Mimi nimepata dawa: kiwanda cha mpunga kina honi inayosikika bonde zima. Ipo tayari. Watu wanaijua tayari! Nimemwomba Direkta tufanye jaribio Alhamisi, kabla Véronique hajamaliza maswali yake. Amekubali. Jasho hadi kwenye soksi.

Alhamisi, 6 Desemba
Mungu wangu.

Nilikuwa nimewapangia Direkta na wageni wa wilaya viti kilimani, wawaone watu wakipanda. Nikapiga simu kiwandani. Honi ikalia. Milango ikafunguka bonde zima, watu wakatoka mbio! Nikawaonyesha wageni kwa kidole, kifua mbele. Kidole kikabaki hewani. Walikuwa wanateremka! Wote! Kuelekea kiwandani, ukingoni mwa mto wenyewe. Na magunia kichwani! Bikizee mmoja aliipita baiskeli.

Nikakimbia kuwazuia. Mkulima mmoja, Maman Mwavita, akanishika shati na kuniuliza mizani iko wapi. Nikamweleza kwamba mto umefurika, yaani kwa mfano. Akalitazama jua, akanitazama mimi. "Papa, uko mugonjwa? Honi ikilia, ni kupima mpunga. Saidia gunia!" Nikalibeba. Nyuma yangu watu wakashangilia kwamba mpimaji amefika.

Véronique alikuwa kivulini anakula ndizi. Aliniambia kwa upole kwamba habari ya mizani aliipata nyumba ya kwanza kabisa.

Ijumaa, 7 Desemba
Direkta hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali. Alisema Véronique atabaki, na mimi nimalize mwezi. Nikamsihi. Akasema wilaya sasa inataka msaada kwa Nyakarenzo, habari ya tetemeko la ardhi: watu watoke nje, wasikae chini ya paa lolote. Nikiwa na wazo, nimletee Jumatatu. Basi.

Jumapili, 9 Desemba
Nimepona! Nimekuja Nyakarenzo kwa shangazi yangu Nyiraneza. Shangazi alitaka kuniambia jinsi watu walivyofanya tetemeko la mwisho. Nikamwomba aniache nifikiri. Papo hapo kengele ya kanisa ikalia. Sauti safi! Na utii ulioje! Kilima kizima kikatoka nyumbani, hakubaki hata mgonjwa. Mimi mwenyewe nilipofika kanisani nilikosa nafasi, watu wamebanana ndani ukuta hadi ukuta.

Tetemeko likija, tutapiga kengele. Kesho asubuhi namweleza Direkta, kabla Véronique hajaanza kuuliza watu.