Vishikwambi Ishirini Vilivyolala

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimechelewa kazini. Mke wangu alikuwa zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mikate, hakuwepo wa kuniamsha. Bosi akaniangalia, akaangalia saa ya ukutani, akaniangalia tena.

Kikao. Vishikwambi tunavyowatengenezea wauguzi wanaozungukia wagonjwa majumbani vinamaliza betri kabla ya saa tisa mchana. Muuguzi mkuu anakuja Jumanne ijayo kuvikagua. Bosi kasema atakayefanya betri idumu siku mbili ndiye mkuu mpya wa kitengo. Nimekaa kitengo hiki miaka sita! Cheo ni changu. Mpinzani ni mmoja tu, dada tunayemwita Kimya kwa sababu huzungumza mara mbili kwa siku, na zote mbili huwa ni salamu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeshinda ndani ya kiini cha mfumo, pale panapoamuliwa kifaa gani kilale na kipi kikeshe. Utaratibu ni rahisi. Anayetaka kutumia kamera, kioo au spika husema: nakuhitaji. Akimaliza husema: nimemaliza. Kiini huweka hesabu. Ikifika sifuri, kifaa kinalala na umeme unapona.

Sasa, kuna mtu kaandika programu ya spika inayosema nakuhitaji mara mbili na nimemaliza mara moja. Hesabu haifiki sifuri kamwe. Spika iko macho mchana kutwa, bila kutoa hata mlio, inakunywa betri. Uzembe wa ajabu! Nikatafuta jina la mwandishi ili nimpeleke kwa Bosi.

Ni mimi. Mwaka juzi, mwezi wa tano.

Nimefunga ukurasa polepole. Nikirekebisha mstari ule, kila mtu ataona uliandikwa na nani. Lazima kuwe na njia ya heshima zaidi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Njia imepatikana! Nimeifuta hesabu yote. Kwa nini kiini kiwaulize hawa wote kama wamemaliza? Hii ni mashine, si baraza la wazee. Kioo kikizimika tu, naamuru kila kifaa kilale. Hakuna kujadiliana.

Kimya kapita nyuma ya kiti changu, kasimama, kasoma. Akaniuliza kwa upole ni nani nimemwachia ruhusa ya kuamsha wengine. Nikamwambia hayo ni mambo ya baadaye. Wivu huo.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Jaribio limeharibika mara tatu. Kishikwambi kililala vizuri, kisha saa ya ndani, ile inayoamsha mashine muda uliopangwa ukifika, ikakiamsha. Nikaifutia ruhusa. Kikalala. Fundi akachomeka chaja, kikaamka. Nikaifutia chaja ruhusa. Mama wa usafi akapitisha kitambaa mezani, akagusa kitufe cha kuwashia, kikaamka kikawaka kama taa ya harusini. Nikakifutia kitufe ruhusa.

Sasa kimetulia. Nimeunganisha mita ya fundi na betri, nikafunga ofisi nikaenda zangu.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Siku tatu, na betri iko asilimia tisini na nane! Bosi kaisoma mita mara mbili, akavua miwani akaifuta, akaisoma tena. Kaniita ndugu yangu mbele ya watu. Hakuna aliyetaka kukiamsha. Kinalala vizuri hivyo, ukiamshe cha nini?

Nimeingiza programu yangu kwenye vishikwambi vyote ishirini vya muuguzi mkuu. Kila kimoja kilipomaliza, kioo kikazimika na chenyewe kikalala papo hapo. Utii ulioje!

Saa kumi nikamwona Kimya karibu na meza yangu, ameshika bisibisi. Bisibisi! Hujuma hiyo. Nikamwagiza fundi agundishe vifuniko vyote kwa ile gundi nyeusi isiyobanduka. Fundi akauliza betri itatolewaje ikiwa pana tatizo. Nikacheka. Nimeingiza programu yangu kwenye simu yangu pia, maana simu nayo inatumia kiini hichohicho. Mkuu wa kitengo lazima atumie anachokihubiri.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Sina hamu ya kuandika. Lakini naandika.

Muuguzi mkuu kafika na wenzake wanne. Nilivaa koti. Nikaeleza mapinduzi yangu kwa dakika ishirini, nikatia chumvi kidogo, kisha Bosi akamkabidhi kishikwambi. Akabonyeza. Giza. Akabonyeza tena. Nikamwomba abonyeze kwa nguvu kidogo.

“Mwanangu,” kasema, “mimi nabonyeza vitufe tangu hujazaliwa.”

Bosi akachukua cha pili, cha tatu, cha saba. Akachomeka chaja. Giza tupu. Nikasema huo ni usingizi mzito, ndio ubora wenyewe.

Muuguzi mkuu akakiweka mezani taratibu, kama anayemfunika mtu shuka.

“Kwetu mgonjwa wa namna hii hatusemi amelala.”

Bosi akaagiza betri zitolewe ili mashine zianze upya. Fundi akaniangalia mimi. Bosi akamwangalia fundi. Fundi akaeleza habari ya gundi, na akaeleza kwa kirefu, sijui kwa nini.

Basi Kimya akazungumza. Kasema betri zikiisha kabisa, vishikwambi vitawaka vikichajiwa, kwa hiyo tunaweza kungoja. Bosi akauliza kungoja mpaka lini. Kimya akapiga hesabu kwenye karatasi. Kwa ubora wa kazi yangu, miezi mitano.

Hapo ndipo alipotoa mkobani kishikwambi cha ishirini na moja, kile changu cha majaribio, alichokifungua jana kwa ile bisibisi akakitoa betri na kuirudisha. Kikaamka kwa mguso mmoja. Kwa hesabu zake, kitadumu siku mbili na nusu. Bosi akauliza kabadilisha nini. Kasema mstari mmoja tu, kwenye programu ya spika. Hakutaja jina la mwandishi. Afadhali angelitaja, nipate la kumlaumu.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Kimya ndiye mkuu wa kitengo. Kampuni imesalimika, muuguzi mkuu kakubali kungoja wiki mbili. Mimi natakiwa kesho saa mbili kamili asubuhi, mbele ya Bosi na Kimya, nieleze kwa nini nisifukuzwe. Bosi kasema nikichelewa dakika moja nisijisumbue kupanda ngazi.

Nimeogopa, nakiri. Kazi hii ndiyo ninayoijua. Lakini nina utetezi! Tatizo halikuwa programu, tatizo ni haraka ya watu kuamsha vitu. Ushahidi upo: simu yangu. Mchana kutwa leo niliiacha mezani, haikunisumbua hata mara moja. Hakuna aliyenipigia, hata Bosi, ambaye kwa kawaida hupiga mara kumi. Jioni hii nimetoa betri yake na kuirudisha ndipo ikawaka, maana hii sikuigundisha, na betri ilikuwa imejaa pomoni. Nitawaonyesha kesho.

Mke wangu yuko zamu ya usiku tena. Alipokuwa anafunga kilemba mlangoni kaniuliza nitaamkaje. Nimemwambia nimetega kengele kwenye simu, saa kumi na mbili na nusu. Hakuridhika. Kasema basi na yeye atanipigia kutoka kiwandani, ikishindikana kengele.

Nimekubali ili kumtuliza, ingawa ni kuzidisha. Kengele na mke, walinzi wawili kwa mtu mmoja! Nimeiweka simu chini ya mto. Kioo kimezimika papo hapo, kwa utii.