Marufuku ya Maana

Wananchi wote wa Kisangani wanajulishwa kwamba, katika mwaka wa pili wa vita, Mamlaka yetu ilimaliza kabisa tatizo la lugha. Washirika wetu wa kijeshi walisema Kiingereza. Kwa hiyo Komisa Wenceslas aliamuru kila mtumishi akariri misemo arobaini ya Kiingereza katika wiki mbili. Mishahara haikuwepo, lakini misemo ilimtosha kila mtu. Mimi nilikuwa katibu wa Kamati ya misemo hiyo.

Mwalimu alikuwa madame Agathe. Siku ya kwanza alifundisha kwamba Waingereza husema inanyesha paka na mbwa.

"Wale paka banaangukia wapi?" akauliza papa Hemedi, tarishi wetu.

"Hakuna paka, papa. Maana yake iko mvua mukubwa tu."

Komisa akasimama. "Madame, nani alikupatia ruhusa ya maana? Mutu akijua maana ya paka, kesho ataulizia maana ya vita!"

Agathe akafungwa kashoo, jela ya Mamlaka, kwa kosa la kusambaza maana bila kibali. Tukaendelea vizuri bila mwalimu.

Kisha kanali wa washirika akaja kukagua biashara ya mtoni. Komisa alichagua mwenyewe msemo wenye mto ndani yake. Pale bandarini, mbele ya umati, akamshika kanali mkono na kutamka Kiingereza chake kwa sauti ya hotuba: "Kanali, nitakuuza chini ya mto!"

Tukapiga makofi. Kanali hakupiga. Chini ya mto, kule maji yanakoteremkia, mbele ya mji wa Basoko, ndiko walikokuwa adui. Askari wake wakamvua Komisa mkanda na viatu, na Agathe akatolewa kashoo aje kutafsiri.

"Madame, nimesema nini?" Komisa akanong'ona.

"Umesema utamusaliti."

"Mungu wangu! Umuambie sikujua!"

"Bon. Sema weye mwenyewe, nitatafsiri. Sema kwa nguvu."

"Mimi sijui Kiingereza!" Komisa akalia. "Hata neno moja! Nasema-nasema tu!"

Agathe akatafsiri, kisha akamgeukia tena. "Kanali anauliza: na zile amri unatiaka sahihi kila siku, unajuaka maana yake?"

Komisa akatazama bunduki, akatazama miguu yake mitupu.

"Hapana," akasema.

Wamama wauza samaki wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Kwa ajili ya kumbukumbu rasmi: kanali hakuwa amefungua mdomo.