Xanh Ipi?

Jumatatu, 3 Machi
Hapa Virginia, hii ya kusini mwa dunia, jua linakaanga. Kampuni ya kitalu nyumba kikubwa cha vioo imeshirikiana na shule yetu: mwanafunzi mmoja atafundishwa kazi, atalipwa huku akijifunza. Tumebaki wawili, mimi na binamu yangu Hiệp. Nikikosa, ni matango ya baba chini ya plastiki mpaka nizeeke. Tatizo, mbele za watu sauti hunipotea. Lakini wiki hii wakulima wetu wazee wa Kivietnamu nao wanafundishwa, na Kivietnamu cha Hiệp ni cha kuombea chakula tu. Nimejitolea kuwa mkalimani.

Jumatano, 5
Nimemshauri mkufunzi, Bi Kerrin, aachane na herufi kwenye mapipa ya mbolea, apake rangi. Moja bluu, moja kijani. Mbolea zake zikikutana kabla ya kuzimuliwa zinaganda kama chokaa. Akasema nina akili. Hiệp akauliza nimekuwa mkurugenzi lini. Kijicho hicho.

Alhamisi, 6
Bi Kerrin alisema gunia hili pipa la bluu, lile pipa la kijani. Nikatafsiri kwa kasi, sauti haikutetemeka hata kidogo. Mjomba Thoại, mmoja wa wazee, akainua mkono: “Khuê, xanh ipi?” Nikamwambia asikilize vizuri, Mjomba, tunachelewa. Hiệp alikuwa ananitazama.

Kwetu jani ni xanh. Mbingu nayo ni xanh. Usipotaja xanh ya nini, hujasema kitu. Sikutaja.

Magunia yote ya kundi langu yaliishia pipa moja. Kufikia mchana mabomba yamejaa uji mweupe, nyanya zimelegea safu kwa safu. Nilimwambia Bi Kerrin kwamba wazee hawasikii vizuri. Mjomba akasema kwa Kiingereza chake kilichovunjika, lakini kilichoeleweka: “Huyu kasoma lugha mbili, zote zimemkataa.”

Ijumaa, 7
Nafasi kapewa Hiệp. Kundi la wazee alilopewa yeye halikukosea. Yeye, kwa kukosa maneno, alimshika kila mzee mkono hadi kwenye pipa, akalipiga kofi: “Shangazi, hili.” Bi Kerrin anaita huo ualimu. Mimi nimepewa brashi ya kusugulia mabomba, pamoja na Mjomba. Ananielekeza kwa kidevu. Mama kauliza mezani kama ada ya shule yangu ya Kivietnamu ya Jumamosi inarudishwa.

Jumamosi, 8
Nimetafakari sana. Kosa ni la lugha, na la Mjomba. Jumatatu kuna mafunzo ya wadudu, na nimeshajiandikisha kutafsiri. Safari hii nitasema haraka zaidi, mtu asipate mwanya wa kuuliza.